Moto wa London: nani aliwalisha waliounguliwa?

Alhamisi ya tarehe 6 Septemba mwaka 1666, Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alipanda farasi akatoka nje ya kuta za mji wa London hadi Moorfields, uwanja wa wazi uliokuwa kaskazini ya mji.

Uwanja huo ulikuwa umefurika watu. Wengine walikuwa wamejistiri chini ya vipande vya turubai, wengine hawakuwa na kitu cha kujifunika. Kando yao kulikuwa na mizigo waliyowahi kuiokoa: magodoro, masufuria, vyombo vya kazi. Nyuma yao mji ulikuwa bado unafuka moshi.

Mfalme alikuwa na jambo la kuwaambia ambalo, kwa msikilizaji wa leo, huenda likaonekana halina haraka mbele ya watu wenye njaa. Aliwaeleza kuwa moto uliowaunguzia nyumba haukuwa njama ya Wafaransa wala ya Waholanzi, bali ulitoka mikononi mwa Mungu.

Alikuwa na sababu ya kuanzia hapo. Usiku uliotangulia, uvumi ulienea uwanjani kuwa maelfu ya askari wa Kifaransa na Kiholanzi walikuwa njiani kuja kuwachinja walionusurika. Watu walikurupuka kwa hofu, wakashika chochote kilichokuwa karibu, na kuwapiga wageni waliokutana nao njiani. Ilibidi askari watumike kuwarudisha uwanjani.

Hivyo ndivyo misaada ya kwanza kwa waliounguliwa wa London ilivyoanza: njaa upande mmoja, tuhuma upande mwingine, na serikali ikijaribu kutuliza vyote viwili kwa wakati mmoja. Mambo hayo matatu yamerudi London kila mji huo ulipoungua, kutoka karne ya 17 hadi moto wa nyasi wa mwaka 2022.

Kiangazi kikavu

Moto ulizuka usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba, katika tanuri la mwokaji mikate Thomas Farriner, kwenye kichochoro kiitwacho Pudding Lane, karibu na daraja la London.

Mji ulikuwa umepitia kiangazi kirefu kisicho na mvua. Nyumba zilijengwa kwa mbao, zikapakwa lami, na ghorofa zake za juu ziliinamiana juu ya vichochoro kiasi cha jirani kuweza karibu kumpa mkono jirani yake wa ng'ambo. Kwenye maghala ya kando ya mto Thames kulikuwa na mafuta, katani, makaa na pombe kali.

Kisha ukavuma upepo mkali wa mashariki. Anayejua moto wa nyika unavyokwenda katika mwezi wa ukame, unavyoruka kutoka kichaka hadi kichaka kabla ya watu kuufikia, hahitaji kuelezwa zaidi. London ya mbao ilikuwa nyika kavu yenye watu ndani yake.

Mji haukuwa na kikosi cha zima moto. Zilikuwepo ndoo za ngozi, bomba za mkono, na kulabu ndefu za kuangushia nyumba ili moto ukose cha kula. Dawa pekee ya kweli ilikuwa hiyo ya kulabu, nayo ilihitaji mtu wa kutoa amri.

Meya wa mji, Sir Thomas Bloodworth, alisita. Nyumba zilikuwa na wenyewe, na wenyewe wangedai fidia. Ilikuwa hadi Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini ambaye shajara yake imekuwa shahidi mkuu wa siku hizo, alipokwenda mwenyewe kwa mfalme, ndipo amri ya kubomoa ikatolewa. Kwa wakati huo moto ulikuwa umekwisha kushika njia yake.

Ulipozimika siku ya nne, ulikuwa umeteketeza nyumba zipatazo 13,200, makanisa 87 ya parokia, kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, na sehemu kubwa ya majumba ya vyama vya mafundi na wafanyabiashara. Eneo lililoungua lilikuwa ekari 436. Vifo vilivyoandikwa havikufika kumi, ingawa baadhi ya wanahistoria wanaona kuwa maskini wengi waliokufa hawakuhesabiwa.

Waliokosa makazi wanakadiriwa kuwa kati ya watu 65,000 na 100,000. Wengi wao walikuwa wamenusurika na tauni iliyoua Walondoni wapatao laki moja mwaka uliotangulia.

Mkate na biskuti

Wakati wa moto wenyewe, misaada ilikuwa suala la fedha na ujamaa. Aliyekuwa na gari la farasi alilikodisha kwa bei aliyoitaka, na imeandikwa kuwa watu walifika kulipa hadi pauni 40 kwa safari moja, kiasi ambacho kibarua asingekipata kwa mwaka mzima. Aliyekuwa na rafiki mwenye gari alisaidiwa bure. Pepys alipata gari la mke wa ofisa mwenzake, akahamisha mali zake hadi Bethnal Green. Alichobaki nacho, ikiwa ni pamoja na mvinyo na jibini lake la Kiitalia, alikifukia bustanini.

Maskini hawakuwa na jibini la kufukia. Walibeba walichoweza wakaenda kwa miguu: kaskazini hadi Islington na Highgate, magharibi hadi Covent Garden, na wengine wakavuka mto hadi Southwark.

Jumatano ya tarehe 5, wakati moto haujazimika kabisa, mfalme alitoa tangazo. Maofisa wa wilaya za jirani waliagizwa kuhakikisha mikate inaletwa kila siku, na masoko ya muda yakafunguliwa nje ya eneo lililoungua, mathalani Tower Hill na Smithfield. Makanisa, shule na majengo ya umma yafunguliwe kuhifadhi mali za watu.

Kipengele cha tatu cha tangazo hilo ndicho kilichokuwa na uzito kuliko vyote. Miji yote ya Uingereza iliamriwa kuwapokea waliounguliwa na kuwaruhusu wafanye kazi zao bila kizuizi.

Ili kuuelewa uzito huo, ni lazima kukumbuka sheria ya wakati ule. Kila parokia iliwatunza maskini wake yenyewe, na ilikuwa na haki ya kumrudisha maskini mgeni alikotoka kabla hajawa mzigo. Fundi naye hakuruhusiwa kufungua duka katika mji ambao si mwanachama wa vyama vyake. Kwa tangazo moja, mfalme aliziweka kando kanuni hizo, na kuziahidi parokia kwamba hazitaachiwa mzigo huo dharura itakapopita.

Serikali ilitoa pia mahema kutoka ghala za jeshi, na biskuti ngumu za mabaharia. Biskuti hizo hazikupata walaji wengi. Watu wa mjini hawakuzizoea, na mikate ilipoanza kufika sokoni zilirudishwa ghalani. Wanaoshughulika na misaada ya chakula hadi leo wanaijua hadithi hiyo kwa majina mengine.

Mikate nayo ilikuwa na bei. Pepys, alipofika Moorfields Jumatano hiyo, alilipa peni mbili kwa mkate wa peni moja.

Mchango wa taifa

Uingereza ya wakati huo ilikuwa na desturi ya harambee, ingawa haikuitwa hivyo. Mji ulipoungua, au jahazi lilipozama, serikali ilitoa waraka uliosomwa makanisani kote nchini, na waumini wakachanga. Mji wa Marlborough ulipoungua mwaka 1653, ulisaidiwa kwa njia hiyo hiyo.

Kwa ajili ya London, tarehe 10 Oktoba 1666 ilitangazwa kuwa siku ya mfungo na sala, na kila parokia ya nchi ikatakiwa kuchanga.

Fedha zilizokusanywa hazikuzidi pauni 17,000. Hasara ya moto ilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni kumi. Yaani kwa kila pauni 100 zilizoteketea, taifa zima halikuweza kurudisha hata shilingi nne, wakati ambapo pauni moja ilikuwa shilingi 20.

Sababu si ubahili peke yake. Nchi ilikuwa vitani na Uholanzi, tauni ilikuwa imefunga biashara, na miji mingi ya mikoani ilikuwa na maiti wake wa kuzika. Tena London ndiyo iliyokuwa mchangiaji mkubwa kila mji mwingine ulipoungua. Ilipoungua yenyewe, aliyezoea kutoa alikuwa hana.

Kutoka Ireland kulitolewa ahadi ya maelfu ya ng'ombe kwa ajili ya waliounguliwa. Lakini wakati huo huo bunge la Uingereza lilikuwa likijadili sheria ya kupiga marufuku ng'ombe wa Ireland, na baadhi ya wabunge waliiona zawadi hiyo kuwa hila ya kuikwepa sheria. Hata sadaka ilibidi ieleze nia yake.

Fedha za mchango zilipelekwa kwa Meya mpya wa London, Sir William Bolton, ili azigawe kwa maskini kupitia parokia zao.

Desemba mwaka 1667, Pepys aliandika katika shajara yake habari aliyoipata kuhusu baraza la madiwani wa mji. Bolton, akiwa amekwisha kumaliza kipindi chake cha umeya, alituhumiwa kuwadhulumu maskini pauni 1,800 za mchango huo, ambazo hakuweza kuzitolea hesabu.

Ikiwa tuhuma hiyo ilikuwa sahihi kwa kiasi alichokitaja Pepys, basi zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya huruma ya taifa iliishia mfukoni mwa mtu mmoja. Wasikilizaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam pengine hawatashtuka sana. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba daftari lilidaiwa, na kwamba mdaiwa alikuwa Meya.

Mgeni wa kulaumiwa

Tuhuma dhidi ya wageni hazikuishia kwenye vurugu za Moorfields. Kulikuwa na vita, na wiki chache tu kabla ya moto, mwezi Agosti, manowari za Uingereza zilikuwa zimeuchoma moto mji wa Uholanzi wa West-Terschelling pamoja na meli zaidi ya mia moja za biashara. Walondoni walisherehekea habari hiyo. London ilipoungua, wengi waliona ni kisasi.

Robert Hubert, fundi saa Mfaransa kutoka Rouen, alikamatwa akikimbilia pwani. Alikiri kuwa yeye ndiye aliyewasha moto. Maelezo yake yalibadilika kila alipoulizwa, na hata majaji waliomsikiliza walitilia shaka akili yake.

Miongoni mwa waliotia saini hati ya mashtaka walikuwemo watu wa familia ya Farriner, mwokaji mikate. Ni wazi nani alifaidika iwapo moto haukutoka kwenye tanuri. Hubert alinyongwa tarehe 27 Oktoba 1666, wiki nane tu baada ya moto.

Baadaye nahodha wa meli iliyomleta alieleza kuwa Hubert aliteremka pwani ya Uingereza siku mbili baada ya moto kuanza.

Uchunguzi wa serikali ulimaliza kwa kutaja mkono wa Mungu, upepo mkubwa na msimu mkavu mno. Hata hivyo, mwaka 1681, maneno ya kuwalaumu Wakatoliki yalichongwa kwenye mnara wa kumbukumbu uliojengwa karibu na Pudding Lane. Yalifutwa mwaka 1830.

Mahakama ya Moto

Kilichoijenga upya London hakikuwa mchango. Kilikuwa sheria, na hapa ndipo mji huo ulifanya jambo ambalo lingestahili kujulikana zaidi kuliko mnara wake.

Tatizo lilikuwa hili. Sehemu kubwa ya watu wa London hawakumiliki nyumba walizokaa. Walikuwa wapangaji wa mikataba mirefu, na mikataba mingi ilimtaka mpangaji aitengeneze nyumba na aendelee kulipa kodi, liwalo na liwe. Kwa mujibu wa sheria, fundi viatu aliyekuwa amelala Moorfields bila paa alidaiwa kodi ya majivu, na juu yake gharama ya kuijenga upya nyumba ya mtu mwingine.

Kama sheria hiyo ingeachwa ifuate mkondo wake, maelfu wangefilisika au kufungwa, na viwanja vingekaa miaka mingi vikibishaniwa.

Mapema mwaka 1667 bunge lilianzisha mahakama maalum, ikafahamika kama Mahakama ya Moto. Ilikaa katika ukumbi wa Clifford's Inn, ambao moto haukuufikia. Majaji wakuu wa nchi, akiwemo Sir Matthew Hale, walisikiliza kesi bila malipo na bila taratibu ndefu za kawaida. Walimwita mwenye nyumba na mpangaji, wakauliza nani ana uwezo wa kujenga, kisha wakagawanya hasara. Aliyekubali kujenga aliongezewa miaka ya mkataba na kupunguziwa kodi. Aliyeshindwa aliondolewa deni kwa masharti.

Kesi zaidi ya elfu moja ziliamuliwa kwa njia hiyo. Uongozi wa mji ulishukuru kwa kuagiza picha za majaji hao zichorwe na kutundikwa Guildhall.

Sheria nyingine ya mwaka huo iliagiza nyumba zijengwe kwa matofali na mawe, na kutoza ushuru wa makaa ya mawe yaliyoingia London ili kugharamia majengo ya umma. Iliwafungulia pia mafundi wa nje milango ambayo vyama vya mji vilikuwa vimeifunga kwa karne nyingi. Fundi mgeni aliyefanya kazi ya ujenzi kwa miaka saba alipata haki ya kuendelea kufanya kazi mjini maisha yake yote.

Mji ule ule uliowapiga wageni mabarabarani mwezi Septemba ulikuwa ukiwaita waje kuujenga.

Bima ya moto ilifuata katika miaka ya 1680, na makampuni ya bima yakaanzisha vikosi vyao vya kuzima moto. London ilingoja hadi miaka ya 1860 kupata kikosi cha umma.

Shule ya Canning Town

Ndege za Ujerumani zilipoanza kuushambulia mji kwa mabomu tarehe 7 Septemba 1940, serikali ilikuwa imejiandaa kwa maiti wengi na kwa watu wasio na makazi wachache. Ikawa kinyume. Familia nyingi zilitoka hai, nyumba zao zikiwa zimeungua au kubomoka, na vituo vilivyoandaliwa kuwapokea kwa saa chache vikalazimika kuwaweka kwa siku nyingi.

Huko Canning Town, mashariki mwa London, mamia ya watu walipelekwa kwenye shule ya South Hallsville wangoje mabasi ya kuwahamisha. Mabasi hayakuja siku hiyo wala iliyofuata. Alfajiri ya tarehe 10 Septemba bomu liliiangukia shule hiyo. Serikali ilitaja vifo 77. Wenyeji wa mtaa huo wameendelea kuamini kuwa waliokufa ni mamia, na simulizi zao zinadai kuwa mabasi yalielekezwa Camden Town badala ya Canning Town.

Katika vita hivyo, akina mama wa kujitolea wenye chai na blanketi waliwafikia watu haraka kuliko ofisi.

Daku ya Grenfell

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, friji liliwaka katika nyumba ya ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell, magharibi mwa London. Jengo hilo la ghorofa 24 lilikuwa limefunikwa kwa nje paneli zinazoshika moto. Watu 72 walipoteza maisha.

Miongoni mwa waliofariki walikuwemo wenye asili ya Eritrea, Ethiopia, Sudan, Moroko, Syria, Lebanoni na Italia. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Vijana Waislamu wa mtaa huo waliokuwa macho wakingojea daku walikuwa miongoni mwa wa kwanza kugonga milango ya majirani.

Kulipopambazuka, makanisa, misikiti na vituo vya jamii vilikuwa vimefungua milango. Kituo cha Kiislamu cha Al-Manaar, kituo cha Clement James, kanisa la Latymer na kituo cha Rugby Portobello vilipokea watu, nguo na chakula. Misaada ilirundikana hadi wapokeaji wakaomba watu wasitishe kuleta. Baadaye wanawake wa mtaa huo walikutana katika jiko la Al-Manaar kupikia familia zilizowekwa hotelini, ambako hakukuwa na mahali pa kupika.

Halmashauri ya Kensington na Chelsea, mojawapo ya zile tajiri kabisa nchini Uingereza, ilionekana kwa nadra. Kiongozi wake alijiuzulu kabla mwezi haujaisha. Ripoti ya mwisho ya tume ya uchunguzi, iliyotolewa tarehe 4 Septemba 2024, ilieleza kuwa halmashauri haikuwa na mpango wa maana wa kuwahudumia watu wengi wasio na makazi, kwamba mahitaji ya Waislamu waliokuwa wamefunga hayakuzingatiwa ipasavyo, na kwamba pengo hilo lilizibwa na vikundi vya wenyeji. Tume ilivisifu vikundi hivyo.

Umma ulichanga zaidi ya pauni milioni 20. Safari hii fedha zilikuwa nyingi, lakini ziligawanywa kupitia mifuko kadhaa, kila mmoja na masharti yake, na watu waliopoteza kila karatasi waliyokuwa nayo walitakiwa kujithibitisha upya mara kwa mara. Mwaka mmoja baadaye familia nyingi zilikuwa bado katika makazi ya muda.

Na kama wakati wa Meya Bolton, wapo waliojisaidia. Zaidi ya watu 20 walihukumiwa kwa kujifanya waathirika, na mwaka 2018 mfanyakazi mmoja wa halmashauri yenyewe alifungwa kwa kuiba makumi ya maelfu ya pauni zilizokusudiwa walionusurika.

Lawama za mwanzo katika baadhi ya magazeti zilimwendea mpangaji ambaye friji lake liliwaka. Tume ilisema hana kosa. Ilipofika siku ya kutolewa kwa ripoti ya mwisho, miaka saba baada ya moto, hapakuwa na mtu aliyefikishwa mahakamani kwa vifo hivyo. Robert Hubert alingoja wiki nane.

Nyasi za Wennington

Moto wa nyika ni jambo ambalo Walondoni walilihesabu kuwa la Australia, California au savana za Afrika. Wasikilizaji wa Tanzania watakumbuka Oktoba 2020, wakati mamia ya watu wa kujitolea, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, walipopanda mlima Kilimanjaro kwa miguu kupambana na moto uliounguza karibu kilomita 95 za mraba.

Tarehe 19 Julai 2022, kipimajoto huko Coningsby kilifika nyuzi joto 40.3, kiwango ambacho Uingereza haikuwahi kukiandika kabla. Kikosi cha zima moto cha London kilipokea simu zaidi ya 2,600. Kwa kawaida hupokea kama 350 kwa siku. Meya wa London, Sadiq Khan, alisema ilikuwa siku yenye shughuli nyingi kuliko zote kwa kikosi hicho tangu vita vikuu vya pili.

Mchana huo, moto ulishika nyasi kavu kando ya kijiji cha Wennington, kwenye ukingo wa mashariki wa London. Upepo uliupeleka kwenye nyumba. Wazima moto wapatao mia moja walipigana nao, lakini nyumba zipatazo 18 ziliteketea. Hakuna aliyekufa, na sababu mojawapo ni kwamba watu walikimbizana mlango kwa mlango kuambiana watoke, kabla ya amri yoyote kufika.

Kanisa la kijiji, lililojengwa katika karne ya 12, lilisalimika. Nyasi za makaburi yanayolizunguka ziliungua.

Majirani wa Rainham na Havering walileta nguo, viatu na fedha, na wengine walitoa vyumba. Halmashauri iliwatafutia familia makazi ya muda. Lawama nazo zilianza mapema: kwa nini nyasi hazikukatwa, kwa nini hapakuwa na njia ya kukinga moto kati ya mbuga na nyumba? Ni swali la kulabu za Meya Bloodworth, likiulizwa upya kwa mashine ya kukatia nyasi.

Baadaye kikosi cha zima moto kilipata magari maalum ya kupambana na moto wa nyika, kitu ambacho London haikuwahi kukihitaji. Kuhusu nyumba zenyewe, mwaka mmoja baada ya moto baadhi ya viwanja vya Wennington vilikuwa bado vitupu, na wenyewe wakiishi kwa kupanga mahali pengine, wakifuatilia bima na vibali vya ujenzi.